Namba ya Katikati

Wageni wa Mama Vifungo walikuwa wawili, na hawakukutana mlangoni hata siku moja. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu mumewe, dereva wa lori la saruji, aliyekuja Jumapili ya kwanza ya mwezi akiwa na vumbi jeupe masikioni. Wa pili alikuwa binti wa marehemu, muuguzi wa wodi ya watoto, aliyekuja Jumapili ya tatu, baada ya kupiga simu kuuliza kama "yule mtu" hayupo. Yule mtu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Jumapili zilizobaki Mama Vifungo alishinda na redio, na cherehani, na sefu.

Tusidanganyane: sefu ndiyo iliyokuwa ikitembelewa. Mama Vifungo hakuwazaa watu hawa wawili. Aliwakuta wakubwa, wameshamlilia mama yao wakamaliza, na kwa miaka kumi na tisa walimwita Mama Mdogo kwa adabu zote, wakaishia hapo. Baba yao alipokuwa hai walikuja mara mbili kwa mwaka, wakakaa kwenye ncha ya kiti. Alipokufa wakaanza kuja kila mwezi. Majirani walisema mama yule kabarikiwa, watoto wa kambo wanamjali kuliko wengine wanavyojaliwa na wa kuwazaa. Mama Vifungo aliyasikia, akanyamaza. Ukweli aliujua, lakini ukweli hauji Jumapili na kilo mbili za sukari.

Marehemu alikuwa fundi vitasa. Duka likifiwa na mwenyewe, funguo zikizama chooni, sefu ya ofisi ikigoma, aliitwa yeye. Miaka arobaini ya kufungua vilivyofungwa na watu ilimfundisha jambo moja tu, kwamba mwizi hatoki mbali. Wiki yake ya mwisho, akiwa kitandani hapo hapo ubavuni mwa sefu, aliomba peni, akachana ukurasa wa daftari mara tatu, akawaita wote watatu.

"Sefu hii inafunguka kwa namba tatu," alisema, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Kila mmoja wenu nampa mbili. Peke yako hufungui. Wawili mkipatana, mnafungua. Mmoja akifa, waliobaki hawakwami. Mmoja akiingiwa na tamaa, ataishia kuikodolea macho."

"Ndani kuna nini, baba?" dereva aliuliza.

"Hati ya nyumba. Na mambo yangu mengine."

Dereva alipewa namba ya kwanza na ya katikati. Muuguzi alipewa ya katikati na ya mwisho. Mama Vifungo alipewa ya kwanza na ya mwisho, thelathini na nne na nane, na baina yake mstari mfupi uliochorwa kwa mkono unaotetemeka. Kikaratasi chake kilikuwa na ukubwa ule ule wa vikaratasi vya wenzake. Alikitazama sana. Miaka kumi na tisa ya kumfulia, kumkanda mgongo, kumsikiliza akikohoa, na mwisho wa yote anaaminiwa namba mbili kati ya tatu, sawasawa na mtoto ambaye hakuwahi kumletea baba yake hata maji ya kunywa. Iliuma. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Miezi kumi na moja ikapita.

"Hodi, Mama Mdogo! Upo?"

"Nipo, mwanangu. Nitakuwa wapi? Karibu, pita."

Dereva aliweka sukari mezani, akavua viatu bila kuambiwa, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la jikoni lililokuwa likidondoka. Alilifungua, akalipuliza, akakata kipande cha mpira kwa kisu cha mfukoni. Mama Vifungo alisimama nyuma yake ameshika taa ya simu ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilijaa jikoni. Kushika taa kulimpa sababu ya kusimama karibu.

"Mimi nasema hivi," dereva alianza, kama anavyoanza kila mwezi. "Mimi ninazo mbili, wewe unazo mbili. Tunakaa pale dakika tano, kwisha. Hati naiweka mahali salama."

"Mahali gani?"

"Kwangu."

"Na dada yako?"

"Dada yangu ana mshahara. Anataka nini tena?"

"Sitaki kuonekana nimeegemea upande, baba. Siku mtakapokuja wote wawili, tutafungua."

"Wote wawili!" Dereva alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Si useme tu siku kuku akiota meno."

Alikunywa chai vikombe viwili, akasifia mkate, akaenda zake. Bomba halikudondoka tena. Mama Vifungo, ambaye usiku alikuwa amezoea ule mdundo, alikosa cha kuhesabu.

Muuguzi naye alikuwa na namna yake. Yeye hakuleta sukari. Alileta kipimo cha presha. Alimkalisha Mama Vifungo kwenye kochi, akamkunja mkono wa gauni, akamzungushia kitambaa cha kipimo, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili vya baridi. Alimshika hivyo kwa dakika mbili nzima. Katika mwezi mzima hakuna binadamu mwingine aliyemgusa Mama Vifungo, ukiacha vidole vya muuza duka vinaporudisha chenji.

"Iko juu kidogo. Unakula chumvi?"

"Kidogo tu."

"Punguza." Kisha, bila kumwachia mkono: "Mama Mdogo, unajua alichofanya yule mtu. Baba yuko wodini, mimi namgeuza ubavu kila saa mbili, yeye anauza mashine ya baba ya kuchongea funguo. Ukimpa namba zako, atauza na nyumba huku wewe umelala ndani yake. Tufungue mimi na wewe. Leo hii."

"Siku mtakapokuja wote wawili, mama."

Muuguzi alikunja kitambaa chake polepole. "Basi utatungoja sana," alisema.

Hilo ndilo Mama Vifungo alilolitaka.

Sasa nikwambie kitu ambacho dereva na muuguzi hawakukijua. Sefu ile Mama Vifungo alikwisha kuifungua, peke yake, mwezi wa pili wa ujane wake.

Ilikuwa Jumapili ya mvua. Kiwanda cha sare za shule alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa, redio ilikuwa imeishiwa betri, na hapakuwa na wa kugonga. Aliketi kwenye kigoda mbele ya sefu, akatoa kitambaa alichokuwa ameifunika nacho, akakitazama kile kisahani cha namba. Kilikuwa na alama tangu sifuri hadi tisini na tisa. Alipungukiwa na namba moja tu, ile ya katikati, na ile moja ilikuwa miongoni mwa mia. Mia ni nini kwa mwanamke anayeshona vifungo kwenye mashati mia mbili kwa siku, kila shati vifungo saba? Marehemu alizoea kusema kitasa hakichoki, anayechoka ni mwizi. Lakini marehemu alihesabu wezi, na mwizi ana haraka, ana hofu, ana mtu anayemngoja nje. Hakumhesabu mtu mwenye Jumapili nzima na asiye na pa kwenda.

Alianza na sifuri. Thelathini na nne, sifuri, nane, akavuta kishikio, kikagoma. Thelathini na nne, moja, nane. Kila jaribio lilitaka kukizungusha kisahani kulia mara nne, kushoto mara tatu, kulia tena mara mbili. Alipofika arobaini alinyanyuka kunywa chai. Alipofika sitini mvua ilikatika. Kwenye sabini na moja kishikio kilishuka chenyewe, taratibu, na yeye akashtuka akasema "Karibu," kana kwamba mtu amebisha kutoka ndani.

Mlikuwa na hati, ndani ya mfuko wa plastiki. Juu ya hati palikuwa na bahasha ya kaki iliyogandishwa kwa gundi, na juu ya gundi marehemu alikuwa amepiga muhuri wa karakana yake. Haikuandikwa jina la mtu.

Mama Vifungo aliipima kwa kiganja. Karatasi moja, labda mbili. Akajua, kwa namna mtu anavyojua jambo analolitamani, kwamba ni yake. Mume wake hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anaweza kula, kuosha mikono, kulala na kuamka bila kusema zaidi ya "haya". Mtu wa aina hiyo akiwa na la kumwambia mkewe atalisema wapi kama si kwenye karatasi? Na kwa nini ampe namba ya kwanza na ya mwisho, akamwachia pengo la katikati tu, kama hakutaka atafute?

Angeweza kuifungua kwa mvuke wa sufuria. Hakuifungua. Ikiwa imefungwa, bahasha ilikuwa yake. Ikifunguliwa, ingeweza kugeuka ya mtu mwingine. Akairudisha mahali pake, akafunga, akazungusha kisahani.

Wala hakuwaambia watoto. Angewaambia, dereva angekuja mara moja kuchukua hati, muuguzi angekuja mara moja kugombana na dereva, na baada ya hapo? Uongo hakusema. Aliacha tu kusema, na kuacha kwake kusema kulimpatia Jumapili mbili kila mwezi.

Alhamisi moja jioni jirani wa mlango wa pili alimkuta Mama Vifungo akianua nguo.

"Mwenzetu, nyinyi mmepanga foleni lini?"

"Foleni ya nini?"

"He! Ya hati! Ofisi ya ardhi si inaandikisha mtaa upya? Mwisho kesho saa tisa. Nyumba isiyopelekewa hati halisi inaandikwa haina mwenyewe. Na za marehemu, mjane na watoto waende pamoja, wote watie sahihi. Tangazo limebandikwa mwezi mzima."

"Mbona hamkuniambia?"

Jirani aliona haya. "Tulijua watoto wako wamekwambia. Si wanakuja kila mara?"

Mama Vifungo aliingia ndani na nguo mbichi mkononi. Aliketi kitandani. Nyumba ndiyo hii, vyumba viwili na jiko, na hana nyingine. Kwao hakukubaki mtu, ni makaburi tu. Kwenda peke yake na hati hakungefaa kitu. Alimpigia dereva, akampigia muuguzi, akamwambia kila mmoja kwamba mwenzake pia anakuja. Wote wawili wakasema "haya", kwa sauti ile ile ya baba yao.

Na nisifiche: alipokata simu ya pili, pamoja na hofu yote ile, alifurahi. Alitoa kabatini vikombe vya wageni, vile vyenye ukingo wa buluu, akavisuuza. Vikombe vitatu kwa mpigo havikuwahi kutoka tangu msiba.

Dereva alifika Ijumaa saa saba na nusu mchana, lori likibaki nje limeziba nusu ya njia. Muuguzi alikuwa ameshafika, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, sare bado mwilini. Chumba cha kulala kilikuwa kidogo. Muuguzi aliketi ncha ya kitanda, dereva akasimama akiegemea kabati, na Mama Vifungo akabaki katikati yao na kigoda chake.

"Hujambo," dereva alimwambia ukuta.

"Sijambo," muuguzi aliujibu ukuta huo huo.

"Chai iko tayari," Mama Vifungo alisema.

"Chai baadaye, Mama Mdogo," alisema muuguzi. "Tufungue kwanza. Haya, mwenye namba ya kwanza aanze. Tutageuka, hakuna wa kumchungulia mwenzake."

Dereva hakusogea. Alikuna shingo.

"Aanze Mama Mdogo," alisema. "Na yeye si anayo ya kwanza?"

"Na wewe je?"

"Mimi ninazo."

"Kikaratasi chako kiko wapi?"

"Nimesema ninazo."

Muuguzi alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezoea watoto wanaoficha dawa chini ya ulimi. "Huna," alisema. "Umekipoteza."

Dereva alikana, kisha akakasirika, kisha akakubali, mambo matatu kwa dakika moja. Kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya kazi, mkewe akaifua na sabuni ya unga, kikatoka donge. Kilifuliwa mwezi ule ule wa msiba. Miezi kumi yote alikuwa akija kuomba namba za Mama Vifungo huku zake hazijui. Alitumaini ataona mkono wa Mama Mdogo ukizungusha, mengine yatajulikana mbele ya safari.

"Kumbe," muuguzi alisema, akicheka bila furaha. "Kumbe mwenye sefu ni mimi. Katikati ninayo mimi peke yangu." Alitoa karatasi kwenye mkoba, ameshaiandika. "Basi sikilizeni. Mtie sahihi hapa kwamba hati ikitoka ofisini nitaishika mimi. Na yeye asikanyage tena nyumba hii bila ruhusa yangu."

"Ruhusa yako? Nyumba ya baba yangu?"

"Ungeijua ni ya baba usingeuza mashine yake."

"Na dawa zililipwa na nini? Na gari la kumleta nyumbani? Wewe ulikuwa unamgeuza ubavu, sawa, Mungu akulipe. Mimi nilikuwa nalipa. Uliwahi kuniuliza?"

"Uliwahi kusema?"

"Watoto," Mama Vifungo alisema. "Saa nane kasorobo."

Hawakumsikia. Walikuwa wamemruka kwa maneno, huyu akirusha, yule akidaka. Waligombania mashine, wakagombania blanketi la marehemu, wakafika hadi kwa mama yao mzazi na nani alimshika mkono alipokata roho. Saa nane ikagonga kwenye redio ya jirani. Ofisi ilikuwa mwendo wa nusu saa.

"Sitii sahihi," dereva alisema mwishowe. "Acha iandikwe haina mwenyewe. Tukose wote."

"Tukose wote," muuguzi alikubali, akachukua mkoba wake. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, ndugu wale walikuwa wamepatana.

Mama Vifungo aliwatazama. Wao wana kwao pengine. Huyu ana mke na watoto, yule ana chumba chake cha hospitali. Wakikosa wote, atakayelala nje ni mmoja. Lakini hilo silo lililomsitisha. Alijua kwamba akinyoosha mkono sasa ameokoa paa na amejimalizia wageni. Akafuta viganja kwenye gauni, akaketi kwenye kigoda, akawapa mgongo.

Kulia mara nne: thelathini na nne. Kushoto mara tatu. Nyuma yake kelele zilikatika. Kulia mara mbili: nane. Kishikio kikashuka.

Muuguzi alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi hatua moja.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Nimeitafuta. Nilianza na sifuri."

"Lini?"

"Mwezi wa pili baada ya msiba."

"Mwezi wa pili!" Dereva alipiga magoti, akachungulia ndani ya sefu, akapapasa pembe zote nne. "Ulitoa nini humu?"

"Hati hiyo. Bahasha hiyo. Vilikuwa hivyo hivyo."

"Mtu anafungua sefu, halafu asitoe kitu?"

"Miezi tisa yote hii," muuguzi alisema polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika, "unatuambia tuje wote wawili. Tunakubembeleza. Mimi nakupima presha. Na wewe unajua. Kwa nini hukusema?"

Mama Vifungo aligeuka kwenye kigoda chake. Alitaka kusema mambo mengi, kuhusu Jumapili, kuhusu bomba, kuhusu vidole viwili vya baridi. Yakatoka maneno mawili.

"Ningesema, mngekuja?"

Walikuwa watu wa kweli kuliko walivyojijua, hakuna aliyemdanganya kwa kusema ndiyo.

Dereva aliishika bahasha. Aliugeuza muhuri kwenye mwanga, akauona mzima, akamtazama Mama Vifungo kidogo, kisha akaichana kwa kidole gumba. Mama Vifungo alinyanyua mkono, akaushusha. Ndani mlikuwa na karatasi moja, iliyokunjwa mara mbili.

"Thelathini na nne," dereva alisoma. "Sabini na moja. Nane. Chini kaandika, isipotee." Alisoma tena, kimya, kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni. "Baba! Fundi mzima! Namba za sefu kazifungia ndani ya sefu!"

Muuguzi aliinyakua karatasi, akasoma, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Na alivyokuwa akiwacheka wateja!" alisema, machozi yakimtoka. "Yule mama wa duka la dawa aliyefungia funguo ndani, alimcheka mwaka mzima!" Ndugu wale walicheka mpaka wakashikana mabega, kwa sauti moja, kama walivyocheka utotoni kabla Mama Mdogo hajafika.

Mama Vifungo alingoja watulie.

"Geuza nyuma," alisema.

Dereva aliigeuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Na ndani ya bahasha?"

Aliikung'uta. "Hamna kitu. Unatafuta nini, Mama Mdogo?"

"Hakuna," alisema, akainuka kuchukua mtandio wake. "Twendeni, tutachelewa."

Kwenye lori alikaa katikati. Dereva kulia kwake alishika usukani, muuguzi kushoto alishika hati, na kila lori liliporuka kwenye shimo mabega yao yalimgusa pande zote mbili. Walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake, juu ya baba yao, kwa sauti ya chini. Alitamani njia iwe ndefu. Walifika saa tisa kasoro dakika saba.

Karani aliangalia vitambulisho vitatu. "Huyu ni mama yenu?"

Watoto walitazamana.

"Mke wa baba," muuguzi alisema.

"Atie sahihi hapa, mstari wa chini." Karani alichukua hati, akaigonga muhuri, akaitia kwenye jalada. "Hati halisi inabaki hapa mpaka uandikishaji wa mtaa mzima uishe. Haitoki, haiuzwi, haikopewi. Kila mmoja anapewa risiti yake. Mwingine!"

Ndivyo ugomvi wa miezi kumi na moja ulivyomalizwa na karani mwenye mafua, kwa dakika nne. Kila mmoja akakunja risiti yake. Hapakuwa tena na namba ya kumwomba mtu.

Dereva alimshusha mwanzo wa mtaa, kwa sababu lori lisingepata pa kugeuzia.

"Chai yenu iko kwenye chupa," Mama Vifungo alisema akiwa chini, ameinua uso.

"Siku nyingine, Mama Mdogo. Namrudisha dada, ana zamu."

"Jumapili?"

"Tutaona," dereva alisema kwa upole kabisa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ikaja, akafagia mpaka uchochoroni. Ikaja ya tatu. Mwezi uliofuata hakufagia uchochoro. Presha yake haikujulikana ilikuwa juu au chini. Bomba nalo lilianza tena kudondoka, na hilo lilimsaidia kidogo usiku.

Jumapili moja mchana alivitoa vikombe vya ukingo wa buluu, akavisuuza, akavikausha. Kabati lilikuwa limeliwa na mchwa, akaona sefu iko tupu, akavipanga humo. Akafunga mlango, akazungusha kisahani kwa mazoea, halafu akasimama anafikiri. Akakitafuta kikaratasi chake kwenye sanduku la vifungo. Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko wa marehemu ulisomeka, thelathini na nne, mstari, nane. Akachukua peni, na juu ya ule mstari akaandika sabini na moja, kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtu asiye na miwani angeziona. Akakibandika kwa gundi kwenye mlango wa sefu, usawa wa macho, ili atakayekuja asipate taabu ya kuuliza.

Kisha akaufungua mlango wa mbele, akauegeshea jiwe usijifunge, akarudi kwenye vifungo vyake.